Fundi Kitasa na Mlango wa Masjala

Siku ya mwisho ya kumshtaki Fundi Kitasa ilimkuta Kitasa mwenyewe amejificha stoo kwa mama yake, nyuma ya godoro kuukuu, magoti yamegusa kidevu, akila karanga kimyakimya. Na kula karanga kimyakimya si kazi ndogo. Kila punje aliiweka mdomoni, akaisubiri ilainike, ndipo akaitafuna kwa upole kama kibogoyo.

Hakuwa mwizi huyu Kitasa. Alikuwa fundi wa vitasa na kufuli, na tangu wiki chache zilizopita alikuwa pia diwani mteule. Mji mzima ulimjua kwa sababu hapakuwa na nyumba ambayo hajawahi kuifungua. Juu ya milango mingi alikuwa ameandika kwa rangi namba yake ya simu na maneno mawili: UKIKWAMA, PIGA. Watu walikwama, wakapiga, akaja. Mvua ikinyesha alikuja. Siku ya harusi yake mwenyewe aliondoka mara moja kwenda kumfungulia mpishi jiko, akarudi kabla keki haijakatwa.

Tabia hiyo ndiyo iliyompa udiwani, na tabia hiyohiyo ndiyo iliyomleta nyuma ya godoro.

Siku ya kuhesabu kura, ufunguo wa sanduku moja haukuonekana. Msimamizi wa kituo alijipapasa mifukoni, akavua viatu, akavikung'uta. Mtu mmoja akasema, "Mwiteni Kitasa." Hapo hapakuwa na hata mmoja, si msimamizi, si mawakala, si askari wa mlangoni, aliyekumbuka kwamba Kitasa ni mgombea na kura zake zimo humo sandukuni. Kitasa mwenyewe hakukumbuka. Alikuja na mkoba wake wa vifaa, akalifungua sanduku kwa muda wa kupiga chafya, akasema, "Karibuni tena," kama anavyosema siku zote, akaenda zake. Mpinzani wake, Kinyozi, alikuwepo palepale, na alimpa mkono akamshukuru.

Jioni matokeo yalipotangazwa kwamba Kitasa ameshinda kwa kura za kuhesabika vidoleni, ndipo Kinyozi alipojipiga kofi kwenye paji la uso. "Hebu ngojeni kwanza!" alisema. "Sanduku si alilifungua yeye?"

Basi kesi ikazaliwa. Kilicholifanya jambo liwe chungu zaidi ni kwamba Kinyozi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mdogo kabisa. Dada alipoulizwa yuko upande gani alijibu, "Mume wangu, kaka yangu, na kura yangu ni siri yangu," akaendelea kufua.

Sheria ya kesi za uchaguzi haina huruma. Ilimtaka Kinyozi afanye mambo mawili kabla masjala ya mahakama haijafungwa leo saa tisa alasiri: kesi yake ipokelewe na kugongwa muhuri, na nakala imfikie Kitasa mkononi. Si mlangoni, si kwa jirani. Mkononi. Moja kati ya hayo likikosekana, kesi imekufa, Kitasa anakula kiapo, na Kinyozi anarudi kunyoa vichwa kwa miaka mitano mingine. Kitasa aliyajua haya yote kwa sababu Kinyozi hana siri. Kila aliyeingia kunyolewa alitoka na nywele fupi na habari ndefu.

Ndiyo maana karanga zililiwa kimyakimya.

"Hodi!" sauti ilisikika sebuleni.

Kitasa aliacha kutafuna.

"Karibu, mkwe wangu, karibu mwanangu," mama yake alijibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unatoka jasho hivyo? Kaa, nikutilie chai."

"Mama, namtafuta shemeji. Yupo?"

Huko stoo Kitasa alifumba macho. Mama yake hakuwahi kusema uongo maishani, na hakuwa na mpango wa kuanza uzeeni.

"Yupo wapi?" mama aliuliza.

"Hapa nyumbani."

"Nyumba ni kubwa, mwanangu."

"Mama, nyumba ina vyumba viwili."

"Na stoo," mama alisema, kwa kuwa alipenda ukweli ukamilike.

Kitasa alipaliwa na karanga. Alikohoa mara moja ndani ya godoro.

"Nini hiyo?" Kinyozi aliuliza.

"Kikohozi," mama alijibu. "Sukari vijiko viwili au vitatu?"

Kinyozi alikuwa anautazama mlango wa stoo. Kati yake na mlango huo palikuwa na hatua chache tu, lakini mkwe hafungui stoo ya mama mkwe hata nyumba ikiungua. Atasimama nje aombe ruhusa. Kwa hiyo alikunywa chai, kisha akageuza kiti kidogo na kuuambia ukuta kwa sauti kubwa:

"Shemeji angekuwa ananisikia, ningemwambia sina ubaya naye. Ningemwambia kesi ni kesi na undugu ni undugu. Tangu juzi namtafuta nimwambie uso kwa uso, kabla sijaipeleka mahakamani."

"Kwani hujaipeleka?" mama aliuliza.

"Bado, mama. Naanzaje kumshtaki shemeji yangu nyuma ya mgongo wake? Wakili ananifokea, ananiambia peleka kwanza, mengine baadaye. Lakini yeye hajaoa kwenu."

Mama aliitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama huyu mkwe wake aliyetaka kushtaki kwa adabu mpaka muda unamwishia.

"Mwanangu, masjala wanafunga saa tisa. Inuka uende. Na chukua mahindi haya ya kuchemsha, utakula njiani. Mtu hapangi foleni na tumbo tupu."

Kinyozi aliyapokea mahindi kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka mbio. Kitasa alijitokeza nyuma ya godoro na vumbi kichwani.

"Mama! Unamfungia mahindi mtu anayekwenda kunishtaki?"

"Kwani akushtaki na njaa?"

"Na unamkumbusha saa!"

"Wewe nilikukumbusha saa miaka yote uliyosoma shule. Leo nimkatalie yeye?" Mama alimfuta vumbi sikioni kwa pembe ya nguo yake. "Mahindi yako yako kwenye sufuria. Nimekuwekea makubwa."

Kitasa alikuwa amefika hindi la pili simu ilipoita. Aliipokea bila kutazama. Hakuwa na uwezo wa kuiacha simu iite. Mtu aliyekwama nje ya mlango wake, alizoea kusema, kila mlio kwake ni mwaka.

"Fundi Kitasa? Hapa ni masjala ya mahakama. Mlango wetu umejifunga."

Aliijua sauti. Ilikuwa ya karani mkuu wa masjala, mama mmoja aliyeitwa Bi Saa na mawakili wote wa mji, kwa sababu ikigonga saa tisa hakupokea hata kadi ya pole.

"Umejifungaje?" Kitasa aliuliza.

"Kuna mzee kaangusha fimbo yake kwenye foleni. Nimetoka kumwokotea, upepo ukaupiga mlango."

"Ufunguo?"

"Uko mezani. Nauona kupitia kioo."

"Wa akiba?"

"Uko kwenye droo ya meza hiyohiyo. Wewe mwenyewe ulituambia tuuweke mahali salama."

"Mngepokea karatasi hapo nje basi."

"Muhuri uko ndani, fundi. Karatasi bila muhuri ni ya kufungia vitumbua. Na mlango ufunguke usifunguke, saa tisa ni saa tisa."

Kitasa aliweka hindi chini. "Nani wako kwenye foleni?"

"Huyo mzee wa fimbo, ana rufaa ya shamba lake. Leo ndiyo siku yake ya mwisho. Kuna mjane ana pingamizi la mirathi, na yeye leo ndiyo siku yake ya mwisho. Halafu yuko..." Bi Saa alishusha sauti. "Yuko mtu mwingine mwenye mahindi."

"Na yeye leo ndiyo siku yake ya mwisho," Kitasa alimalizia.

"Fundi, najua namwomba nani. Lakini namba iliyoandikwa juu ya mlango ni yako. Hakuna nyingine."

Simu ikakatika. Kitasa alisimama katikati ya sebule kama mtu aliyesahau alichofuata. Akikaa hapa na kumaliza hindi lake, udiwani ni wake. Hatakuwa amesema uongo, hatakuwa ameiba, atakuwa amekula mahindi tu. Lakini shamba la yule mzee litakwenda, na mjane naye atarudi nyumbani mikono mitupu.

Alipogeuka, mkoba wake wa vifaa ulikuwa juu ya kiti. Umeshapanguswa vumbi.

"Mimi sijasema kitu," mama alisema, akiwa ameshaanza kuosha kikombe.

"Mama, nikienda nimekwisha."

"Sijasema kitu."

"Atanipa ile karatasi mkononi mbele ya watu."

"Ndiyo maana nasema sijasema."

Kitasa alizunguka meza mara kadhaa. Kisha uso wake ukang'aa kama wa mtoto aliyeona pipi. "Nitakwenda kama mtu mwingine! Nitafungua mlango, sitapokea karatasi. Kufungua ni kazi yangu. Kupokea si kazi yangu."

Ndivyo alivyotoka nyumbani jua likiwa la kukaanga mayai, amevaa koti la mvua la mama yake, lile la plastiki lenye maua ya njano, kofia yake pana ya bustani, na miwani myeusi iliyomeza nusu ya uso. Mama ndiye aliyemfunga vifungo mpaka shingoni.

"Umependeza," alimwambia, na kwa kuwa hasemi uongo, Kitasa aliondoka na moyo mkunjufu.

Njiani mkoba wake ulipiga kelele kama kabati la vyombo linalokimbia. Mama muuza nyanya alimtazama kwa makini.

"Shikamoo, bibi. Kwani mvua itanyesha?"

"Huenda," Kitasa alijibu kwa sauti nyembamba.

"Haya. Basi nenda salama, Kitasa."

Alijifanya hakusikia.

Korido ya masjala ilikuwa nyembamba, ya saruji, na benchi moja. Mzee wa fimbo alikuwa amekaa, na mjane amekaa karibu yake akimpepea kwa jalada lake la mirathi. Kinyozi alikuwa amesimama kwa sababu benchi liliwatosha wawili, na aliwagawia wote mahindi. Bi Saa naye alishika nusu hindi asilolila, macho yake kwenye kioo kidogo cha mlango. Kupitia kioo hicho, kilichokuwa na nondo nyuma yake, vyote vilionekana: meza, ufunguo, muhuri, na saa kubwa ya ukutani iliyokuwa inakwenda bila kumwonea mtu aibu.

Bi Saa aligeuka, akaona koti la maua, kofia, miwani, na mkoba wa vifaa. Alikuwa mwanamke mkali, lakini mkali si lazima awe mkatili.

"Karibu, mama," alisema. "Mlango ndio huu."

Kitasa alipiga magoti mbele ya tundu la ufunguo, na moyo wake ukazama. Kitasa hiki alikifunga yeye mwenyewe mwaka jana. Siku ile alikipigapiga kwa kiganja mbele ya watumishi wote wa mahakama na kuwaambia, "Hapa hata mwizi aliyesomea ng'ambo atakaa chini alie." Sasa mwizi alikuwa yeye, na kulia kulikuwa kunakuja.

Alijaribu waya mwembamba. Alijaribu waya mnene. Alijaribu bisibisi, akaomba dua, akajaribu tena waya mwembamba. Jasho lilitiririka ndani ya koti la plastiki kama yuko kwenye sufuria. Kofia ilimziba macho, akaisukuma nyuma, ikaanguka.

Hapo Kinyozi, aliyekuwa nyuma yake, aliacha kutafuna.

Kinyozi hakumbuki sana sura za watu. Uso wa mtu anauona kwenye kioo tu. Lakini visogo anavijua kama mchungaji anavyojua mbuzi wake, na kisogo hiki, chenye kijibonde upande wa kushoto na nywele zinazozunguka kama maji ya shimoni, alikuwa akikinyoa tangu siku za uchumba. Alifungua mdomo. Akautazama ule mgongo wenye maua ya njano unavyotetemeka kwa joto. Akaufunga mdomo.

Alitoa simu yake, akawasha tochi, akachutama kando na kuielekeza kwenye tundu.

"Naona kuna giza hapo, mama," alisema.

"Asante, mwanangu," Kitasa alijibu kwa sauti nyembamba.

"Unahitaji kitu kingine?"

"Ningepata kitu cha chuma, chembamba, kisichopinda."

Kinyozi aliingiza mkono mfuko wa shati akatoa kitana chake cha chuma, kile cha kumalizia ndevu, ambacho hakuwahi kumwazima mtu. Dada yake Kitasa aliwahi kukitumia kuchomolea mwiba, wakanuniana siku nzima. Sasa alikifuta kwenye suruali, akampa. Kitasa alikipokea kwa mikono miwili, kwa maana ndivyo mama yake alivyomlea: kitu ukipewa, kipokee kwa mikono miwili hata kama ni chumvi.

Jino la mwisho la kitana liliingia kama lilitengenezwa kwa kazi hiyo. Ndani ya kitasa kitu kikalegea, kisha kingine. Kikabaki kimoja. Kitasa alikisikia kwa ncha za vidole, kimesimama kama mbuzi mlangoni, kinangoja kusukumwa kidogo tu.

Na hapo mikono yake ikasimama.

Aliinua macho kwenye kioo. Saa ilikuwa imekaribia. Akivuta muda kidogo tu, akikohoa, akijifanya waya umeanguka, saa tisa itagonga na hakuna atakayemlaumu. Watasema fundi alijitahidi. Jasho analo, ushahidi upo. Mzee wa fimbo alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono yote. Mjane ameacha kupepea.

"Shemeji," Kinyozi alinong'ona, tochi mkononi, "ukichoka pumzika kidogo. Hilo koti litakuua."

Kitasa aligeuka kwa hasira. Miwani ilikuwa imejaa ukungu, hakumwona hata mtu aliyetaka kumfokea.

"Nani shemeji yako? Mimi ni mama mmoja tu napita zangu! Na nani kakwambia nimechoka? Mimi nimewahi kushindwa na mlango?"

"Hujawahi," Kinyozi alisema.

"Basi shika tochi vizuri!"

Akasukuma. Mlango ukafunguka taratibu.

"Karibuni tena," Kitasa alisema, bila kukusudia, kwa sauti yake mwenyewe.

Bi Saa hakupoteza hata pumzi. Alikuwa ameshafika mezani, muhuri mkononi. "Foleni ni foleni! Mzee wangu, wewe kwanza." Rufaa ya shamba ikagongwa. Mirathi ikagongwa. Kinyozi akaweka bahasha yake, na Bi Saa akaanza kupekua ukurasa mmoja mmoja, kwa maana haraka ni ya watu, lakini karatasi ni za mahakama.

"Ukurasa huu umeuweka juu chini."

Kinyozi akaugeuza.

"Huu una punje ya hindi."

Kinyozi akaibandua.

"Na hapa mwisho hujasaini."

Kinyozi alijipapasa. Mfuko wa shati, hapana. Mfuko wa suruali, gunzi. Kalamu ya Bi Saa ilikuwa imekauka wino kwenye mirathi ya watu. Mshale wa saa ulikuwa unakaribia kabisa saa tisa.

"Kalamu!" Kinyozi alilia. "Jamani, nani ana kalamu?"

Pale mlangoni, mkono uliovaa plastiki yenye maua ulitoka taratibu ukiwa na kalamu ya bluu. Ubavuni mwa kalamu hiyo palikuwa pameandikwa: MCHAGUE KITASA, HAKWAMISHI MTU. Alikuwa amegawa mamia wakati wa kampeni.

Kinyozi alisaini nayo kesi ya kumwondoa madarakani mwenye kalamu. Muhuri ukashuka, paa! Bi Saa akaiazima kalamu hiyo, akaandika muda kando yake, bado dakika chache.

Mtu mwenye akili angekimbia hapo. Kitasa alijua hivyo, na miguu yake ilijua. Lakini alikuwa na sharti lake la kazi, ambalo hakuwahi kulivunja: haondoki kwenye mlango aliougusa kabla hajaufunga na kuufungua mara tatu, aone kama umepona. Mafundi wengine wa sokoni huondoka mara mlango ukifunguka, ndiyo maana wanaitwa mara mbili.

Kwa hiyo akasimama koridoni, akaomba ufunguo, akaufunga mlango. Akaufungua. Upande wa ndani alisimama Kinyozi, karatasi mkononi.

Kitasa akaufunga haraka.

Akaufungua mara ya pili. Kinyozi, karatasi, na tabasamu la kuomba radhi.

Akaufunga. Akabaki ameshika ufunguo, paji la uso limeegemea ubao. Mzee wa fimbo, ambaye rufaa yake ilikuwa salama na angeweza kwenda nyumbani, alikuwa hajaondoka. Alikaa kando ya ule mgongo wenye maua.

"Imebaki moja, mwanangu," alisema kwa upole. "Kazi nzuri haiachwi njiani."

Kitasa akashusha pumzi, akaufungua mara ya tatu.

"Shemeji," Kinyozi alisema, "nimekutafuta tangu juzi nikuambie uso kwa uso. Nakushtaki. Si kwa ubaya. Ningependa tu nijue zile kura zimesemaje." Akanyoosha karatasi.

Kitasa alikuwa amejiapiza asubuhi nzima kwamba hataipokea. Lakini mama alikuwa amekwisha kufanya kazi yake miaka mingi iliyopita. Kitu kikinyooshwa mbele yake mikono huenda yenyewe, na ikaenda, yote miwili.

"Asante," alisema.

Saa ikagonga tisa. Bi Saa akafunika muhuri, akala hindi lake. Kitasa akalivua koti la maua apate hewa, akaenda zake akilisahau benchini.

Kesi ilisikilizwa mwezi uliofuata. Jaji alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo na miwani mikubwa. Alisikiliza habari za sanduku mwanzo hadi mwisho, akauliza kama kuna aliyemwona Kitasa akigusa hata kura moja, Kinyozi mwenyewe akasimama akasema, "Hapana, mheshimiwa, aligusa kufuli tu." Basi jaji akaamuru kura za sanduku lile zihesabiwe upya palepale mbele yake.

Sanduku likaletwa, likawekwa mezani. Karani akachukua ufunguo, ule uliopotea ukapatikana. Akauzungusha kulia. Akauzungusha kushoto. Akaupuliza.

Kwanza aligeuka askari. Kisha mawakili. Kisha ukumbi mzima, safu kwa safu, vichwa vyote vikamgeukia mtu mmoja.

Kitasa alikuwa ameyaona haya yanakuja. Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, mashavu yamejaa upepo, macho yameganda kwenye dari.

"Hakuna fundi mwingine mjini?" jaji aliuliza.

Watu wakatazamana; wale wa sokoni huitwa mara mbili. Ndipo Kinyozi akasimama, akakohoa kidogo.

"Mheshimiwa, upande wangu hauna pingamizi. Ila safari hii sote tukumbuke kwamba ni mgombea, na tochi niishike mimi."

Hata jaji alificha mdomo kwa jalada. Kufuli lilifunguliwa mbele ya macho ya watu wote, kwa kitana cha chuma, tochi ikimulika. "Karibuni..." Kitasa alianza, na mama yake kutoka safu ya nyuma akamwambia, "Shhh."

Kura zilihesabiwa. Zilikuwa zilezile, isipokuwa moja ya Kitasa iliyokataliwa, kwa sababu mpiga kura badala ya kuweka alama alikuwa amechora kufuli, zuri kweli, na mnyororo wake. Kitasa akabaki diwani, kura moja pungufu. Kinyozi aliitazama karatasi ya matokeo kwa muda, akaikunja vizuri.

"Sasa nimejua," alisema. "Moyo umetulia. Njoo kesho asubuhi, huwezi kula kiapo na kisogo kama hicho."

"Utaninyoa kwa amani?"

"Nitakunyoa kwa wembe. Amani utakuja nayo mwenyewe."

Walitoka nje wakicheka, dada yake Kitasa katikati, kila mmoja kamshika mkono wake. Mama aliwafuata polepole, mpaka ngazini akasimama kama aliyekumbuka kitu. Wingu kubwa lilikuwa limetanda juu ya mji na matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka.

"Nyinyi," alisema, "mmemaliza kushtakiana. Sasa nani anarudi masjala kunichukulia koti langu la mvua?"

Wote wawili waligeuka wakakimbia. Bi Saa alikuwa amelikunja na kuliweka salama ndani ya kabati linalojifunga lenyewe. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa koti.